Dinari Mkononi mwa Kobe

Kule Subura, mtaa wa Roma, pale njia ya mafundi viatu inapokutana na ngazi za kupandia kilimani, kuna benchi la mawe lililoegemea ukuta wa genge la Mama Vettia. Mama Vettia anauza divai ya moto iliyotiwa asali na pilipili manga, na dengu za kuchemsha kwa mwenye njaa. Majira ya baridi jua hufika pale kabla ya adhuhuri, likakaa kidogo kama mgeni mwenye haraka, kisha likaenda zake. Kwa ajili ya jua hilo na divai hiyo, wanaume wanne walikuwa wakikutana kila siku. Wembe, kinyozi, alikaa mwisho wa kushoto, apate kuona mteja akikaribia kiti chake ng'ambo ya njia. Kuhani alikaa mwisho wa kulia, karibu na jiko. Katikati walikaa Nyundo na Kobe, bega kwa bega. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Kobe alikuwa ndani, ghalani, amelazwa juu ya mbao mbili katikati ya mitungi ya mafuta, miguu imeelekezwa mlangoni, amefunikwa shuka ya Mama Vettia. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi na hakuna aliyesogea kuiziba.

— Mimi nasema ni Venus, alisema Wembe, akiigeuzageuza juani ile dinari iliyokutwa mkononi mwa Kobe. Tazama nywele zilivyosukwa. Tazama shingo. Mwanamke mwenye shingo hiyo hawezi kuwa mwingine.

— Wewe kila shingo unaiona ya kunyoa tu, alijibu Kuhani. Lete hapa. Hiyo ni Pietas. Mungu wa watu wanaowatunza wazazi wao. Geuza nyuma. Unaona nini?

— Mtu kabeba mtu.

— Kambeba nani?

— Nitajuaje? Imesuguliwa mpaka imekuwa kama kokoto!

— Kambeba baba yake! Mlima ulitapika moto, watu wakakimbia na sanduku zao, yeye akambeba mzee wake begani. Hiyo ndiyo Pietas. Usibishane na mimi, kaka, mimi nimefagia hekalu la Ceres miaka kumi na minane.

— Umefagia. Hukusema umesoma.

— Anayefagia huona mengi kuliko kuhani mwenyewe. Kuhani anatazama juu, mimi natazama kila pembe.

Ndiyo maana walimwita Kuhani. Wembe aliirudisha ile dinari usoni, akaifinyia jicho moja.

— Sawa, kambeba baba yake. Lakini haukuwa mlima, ni mji wa Troya uliokuwa ukiungua, na aliyembeba ni mwana wa Venus, ndiye babu wa hao wakubwa wetu wa leo. Kwa hiyo mbele ni mama mtu, nyuma ni mwana na baba. Familia nzima imo. Tuipeleke kwa Venus basi, tumalize. Hekalu lake lina marumaru mpaka chooni.

— Aliyekufa hakusema apelekewe mwenye marumaru. Alisema apelekewe mwenyewe. Si ndivyo, Nyundo?

Nyundo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Aliona midomo ya Kuhani ikitaja jina lake, akageuza sikio la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu.

— Eeh?

— Nasema, Kobe alisema nini? Rudia.

— Mpelekee mwenyewe, alisema Nyundo.

— Haya! Mpelekee mwenyewe. Na mwenyewe ni yule mwenye sura kwenye sarafu. Hilo halina ubishi. Ubishi ni nani.

Nyundo aliinamisha uso ndani ya mvuke wa divai. Tangu jana alikuwa amelirudia neno hilo mara nyingi, na hakuwa na hakika nalo hata kidogo.

Zamani yeye alikuwa mtumwa wa dola, na kazi yake ilikuwa kupiga sarafu kule juu mlimani, ubavuni mwa hekalu la Juno. Mwenzake mmoja huweka kipande cha fedha kilichotoka motoni, mwingine hushika juu yake chuma chenye sura, na yeye hupiga. Pigo moja, sarafu moja. Alipiga tangu ndevu zilipoanza kumwota mpaka zilipoanza kuwa nyeupe, ndipo akapewa uhuru wake, pamoja na masikio yaliyojaa mlio usiokoma. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Na Kobe, miaka saba, alikuwa akikaa upande huo wa kushoto.

Hilo ndilo lililowafanya wapatane. Kobe alikuwa mbeba magunia wa kule mtoni, mgongo umepinda, kichwa kimezama ndani ya kofia ya joho lake siku zote. Hakuwa msemaji. Nyundo hakuwa msikivu. Wengine walipobishana kuhusu farasi wa mashindano na bei ya ngano, wao wawili walikuwa wakinywa kimyakimya, na mmoja akiona mwenzake ametetemeka kwa baridi, alisogea kidogo mabega yagusane. Baada ya mkewe kufa, na ghorofa ya tano anakolala kubaki na yeye na njiwa tu, Nyundo hakuguswa na binadamu mwingine isipokuwa lile bega.

Jana, jua likiwa bado benchini, lile bega lilimlemea ghafla. Aligeuka. Kobe alikuwa akimtazama, kofia imeanguka nyuma, uso mweupe kama unga, na midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa anasema. Miaka saba hajasema la maana, siku hiyo alikuwa anasema, kwenye sikio lililokufa. Nyundo aligeuza kichwa haraka kuleta lile la kulia, na alipolifikisha, mambo yalikuwa yamekwisha. Ndipo alipoufungua mkono wa Kobe na kuikuta dinari. Wenzake wakamzonga: kasema nini, kasema nini? Aliona haya kusema kwamba hakusikia. Maneno yakamtoka yenyewe: mpelekee mwenyewe.

Na sasa hao walikuwa wakiyachimba maneno hayo kana kwamba yametoka kwa mtabiri.

— Nyundo ndiye atukatie shauri, alisema Wembe kwa sauti kubwa. Mzee, hii si kazi ya mkono wako? Shika. Huyu mwanamke nani?

Nyundo aliishika. Ilikuwa nyepesi, kingo zimelika. Aliona paji la uso, kipuli sikioni, na upande wa pili mgongo uliopinda chini ya mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa umesuguliwa na vidole mpaka hauna umbo.

— Sijui, alisema.

— Hujui! Umezipiga miaka yote hiyo!

— Nilikuwa napiga, sikuwa natazama. Ukitazama sura, unampiga mwenzako vidole. Nilikuwa natazama mahali pa kupiga tu.

— Makubwa haya, alisema Wembe. Mtu amewapiga miungu wote wa Roma kichwani, hamjui hata mmoja!

Kuhani alicheka, kisha akakumbuka aliyelala ndani, akajifuta mdomo. Mama Vettia alitokeza kichwa juu ya kaunta yake, mwiko mkononi.

— Nyie wanaume mnaona miungu tu kila mahali. Huyo ni mke wa mtu. Kobe alikuwa na mke mahali fulani, kafanana na huyo wa kwenye sarafu, akaitunza. Mwenyewe ndiye huyo mke.

— Mke gani, mama? alidakia Wembe. Umewahi kumwona hata na kitambaa kilichoshonwa na mwanamke?

— Ndiyo maana aliitunza, mpumbavu wewe. Angekuwa naye angehitaji sarafu ya nini?

Mama Vettia alijaza vikombe bila kuombwa. Divai ilikuwa inafika karibu na mashapo. Wembe alikunywa, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

— Ngoja, ngoja. Nimepata. Huyu aliyebeba ni Kobe mwenyewe.

— Acha zako.

— Nisikilize! Mgongo wa Kobe ulipinda kwa nini?

— Magunia.

— Hivyo ndivyo alivyotaka tuamini! Alikuwa askari. Vita vikawa vibaya, akambeba jemadari wake mgongoni siku tatu mchana na usiku, akavuka naye mto, akamfikisha salama. Jemadari akasema, huyu nitamweka kwenye fedha. Wakapiga sarafu yenye mgongo wake. Kwa hiyo mwenyewe ni jemadari! Yuko kwenye jumba lake huko, anakula samaki wa bwawani, hana habari kwamba mwokozi wake kalala kati ya mafuta.

— Na mwanamke wa mbele?

— Mama yake jemadari. Anashukuru.

— Wembe, alisema Kuhani taratibu, akiweka kikombe chini, wewe unafikiria kidogo. Mimi nilikuwa sitaki kulisema hili. Lile hekalu la Pietas, pale soko la mboga, liko wapi leo?

— Si walilivunja? Wakajenga ukumbi wa michezo.

— Walilivunja. Nilikuwepo, niliona mawe yakishushwa. Sasa niambie, yule aliyekuwa akikaa mle alihamia wapi?

— Nani?

— Pietas! Mungu! Nyumba imevunjwa juu ya kichwa chake. Atakwenda wapi? Kwa Juno? Hawaelewani. Kwa Venus? Hawezi kukaa nyumba yenye kelele zile. Atatafuta mtu mpole, asiyesema hovyo, mwenye mgongo imara.

Wembe alimgeukia.

— Unataka kuniambia...

— Nasema Kobe alikuwa akilala wapi? Kuna anayejua? Hakuna. Alikuwa akimbeba, bwana! Miaka yote hii. Sisi tunasema magunia, magunia. Mtu hapindi vile kwa ngano. Hekalu lake lilikuwa hapa, kwenye hili benchi, na sisi tunalitemea mate ya dengu.

— Wee Kuhani, divai imekupanda, alisema Mama Vettia, lakini alijigusa kifuani.

Nyundo alikuwa hasikii nusu ya hayo. Alikuwa akiutazama ule mgongo mdogo wa fedha na kufikiri kwamba kwa miaka saba hakumwuliza Kobe analala wapi. Wala Kobe hakumwuliza yeye. Alikuwa amedhani ule ulikuwa urafiki wa watu wasiohitaji maneno. Sasa hakujua ulikuwa nini.

Wanaume wawili waliteremka ngazi wakiwa na machela tupu, na mbele yao kijana mrefu, joho jeusi, mbao za kuandikia zenye nta kwapani. Alikuwa mtu wa mazishi, ametoka kwenye kichaka cha Libitina wanakoandikisha wafu. Walionekana wamechoka kabla ya kuanza.

— Salamu, wazee. Hapa ndipo kwa Vettia? Nimeambiwa kuna maiti.

— Yuko ndani, baba, alisema Mama Vettia. Karibu. Nimemwosha, nimempaka mafuta.

Kijana alikuwa mgeni katika mtaa huo na alikuwa na adabu. Alishukuru, akaketi pale palipokuwa wazi, katikati ya benchi, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Alifungua mbao zake, akatoa kijiti cha kuandikia.

— Jina lake nani?

— Kobe, alisema Wembe.

— Hilo ni jina la mnyama, mzee wangu. Jina lake.

— Sisi tulikuwa tunamwita hivyo.

— Wa ukoo gani? Mwana wa nani? Au aliachwa huru na nani?

Wembe alimtazama Kuhani. Kuhani alimtazama Mama Vettia. Mama Vettia alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

— Alikuwa mteja wenu wa siku nyingi? aliuliza kijana.

— Miaka saba, alisema Mama Vettia kwa sauti ndogo. Au nane.

— Na hakuna anayejua jina lake?

Hakuuliza kwa kuwasuta. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, na kwa sababu hiyo liliwachoma zaidi. Hawa walioweza kusema mungu gani anakaa wapi na nani alimbeba nani kutoka mji gani, sasa walikuwa wakitazama viatu vyao.

— Inakuwaje asipokuwa na jina? aliuliza Kuhani.

— Anakwenda shimoni, nje ya ukuta, pamoja na wengine. Leo hii. Si mimi, baba, ndiyo desturi. Mwenye jina, hata kama hana kitu, naweza kumtafutia chama chake cha kuzikana, labda walimwekea nafasi. Asiye na jina sina la kufanya.

Nyundo alikuwa ameligeuza sikio la kulia tangu mwanzo, akasikia kila neno. Aliiona tena ile midomo ya jana. Haikuwa imekwenda kirefu. Maneno mawili, labda matatu. Ilikuwa imefunga, ikafunguka, ikafunga. Mtu anayekufa karibu na rafiki aliyekaa naye miaka saba bila kujuana, angetaka kusema nini? Alikuwa anajitaja, Nyundo aliwaza. Alitaka mtu mmoja alisikie jina lake, akanichagua mimi, na mimi nikampa sikio bovu.

— Publicius Lucrio, alisema.

Wote walimgeukia.

— Umesemaje, mzee? aliuliza kijana.

— Jina lake Publicius Lucrio. Aliyeachwa huru na dola. Yuko kwenye chama cha wapiga sarafu.

Lilikuwa jina lake yeye mwenyewe, Nyundo. Alikuwa nalo tangu siku ya uhuru wake, na pale Subura hakuna aliyewahi kumwuliza. Kijana alipekua mbao ya pili, kidole kikishuka kwenye orodha.

— Lucrio, Lucrio... yupo. Nafasi ya majivu yake iko mstari wa tatu ukutani, amelipiwa kila kitu, na kibao cha jina. Mbona hamkusema mapema? Huyu ana mahali pazuri kuliko bwana wangu!

— Kumbe ulijua! Wembe alipiga paja. Nyundo, ulijua siku zote! Na alikuwa wa kiwandani kwenu! Si nilisema? Si nilisema mgongo ule ni wake? Alijichonga mwenyewe!

— Basi mwenyewe ni Juno wa mlimani, alisema Kuhani, macho yakimng'aa. Ndiye mlinzi wa fedha. Tuipeleke kwa Juno.

— Hapana, alisema Nyundo.

Alisimama, magoti yakalia, akaingia ghalani. Mle mlikuwa na harufu ya zeituni na unyevu. Aliifunua shuka mpaka kidevuni. Bila kofia Kobe alikuwa mdogo zaidi, masikio makubwa, uso wa mtu ambaye ungeweza kumpita njiani usimtambue. Nyundo aliweka ile dinari chini ya ulimi wake, mwanamke akitazama juu.

— Shaba ingetosha, alinong'ona Kuhani mlangoni. Mvushaji wa wafu kwenye mto wa kuzimu hadai fedha.

— Nilikosea jana, Nyundo alimwambia yule aliyelala, wala si Kuhani. Sikukusikia. Nisamehe, ndugu yangu.

Alijua alichokitoa. Siku yake ikifika, kijana mwingine atapekua orodha, atakuta Lucrio alikwishazikwa zamani, na machela itakwenda nje ya ukuta. Alilifikiria hilo kwa muda, mkono juu ya shuka. Halikumtisha kama alivyotarajia. Kilichomtisha zaidi kilikuwa kupanda ghorofa ya tano jioni ile.

Wabebaji waliingia, wakainua. Zile mbao mbili zilibaki, na alama ya maji sakafuni mahali Mama Vettia alipomwoshea. Machela ilipotoka juani kijana wa mazishi aliinua mkono, wakasimama.

— Mwiteni, alisema. Kwa jina, kwa sauti, mara tatu. Kama bado yupo karibu, aitike. Asipoitika, tunakwenda.

Ndiyo desturi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wembe alivua kofia. Mama Vettia alitoka nje ya genge lake, jambo ambalo hakulifanya ila kwa mazishi na moto. Walijipanga kando ya benchi, na Nyundo akajipanga nao.

— Lucrio! waliita.

Ilikuwa sauti kubwa. Ilipenya mlio wa nyundo uliokuwa kichwani mwake miaka yote, ikafika. Mtu wa mwisho kumwita hivyo alikuwa mkewe, akiwa kitandani, akiomba maji.

— Lucrio!

Mafundi viatu walisimamisha kazi. Dirisha lilifunguliwa juu. Mama Vettia alikuwa analia, na aliliita lile jina kama mtu aliyelijua siku zote, kama jina la mtu wa nyumbani kwake.

— Lucrio!

Nyundo alikuwa amekaza meno, macho kwenye machela, mikono imeshikana nyuma ili isimsaliti. Kila kiungo mwilini mwake kilitaka kuwageukia kiseme, nipo, mimi hapa. Watu walingoja kidogo, kama inavyopasa, wakisikiliza.

Hakuitika. Wabebaji wakaanza kupanda ngazi.